Kawawa, Tumbo na meza iliyobaki na upande mmoja

Ukitaka ugomvi wa bure na mstaafu wa reli hapa Tabora, mwambie Rashidi Kawawa alikuwa mtetezi wa wafanyakazi. Ukitaka ugomvi huohuo na mstaafu wa chama, mwambie hakuwa. Vijiwe vya kahawa vya Ng'ambo na Isevya vina wataalamu wa pande zote mbili, na kila upande una ushahidi wake. Mmoja atakutajia 1955, Kawawa akiwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL. Mwingine atakutajia 1962, Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, serikali yake ikipeleka bungeni sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani.

Kati ya tarehe hizo mbili ni miaka saba tu, ndiyo maana neno "usaliti" huja haraka mdomoni. Mimi silikubali, na si kwa sababu namwonea haya marehemu. Neno hilo linatupeleka ndani ya moyo wa mtu, ambako hakuna anayeweza kuhakiki chochote, na linatutoa kwenye jambo linaloweza kuhakikiwa: Kawawa alipohama upande wa wafanyakazi akakaa upande wa serikali, nani alikalia kile kiti alichokiacha? Na huyo aliyekikalia, aliwekwa na nani?

Kawawa hakuwa mtu wa huku. Kwao ni Songea, upande wa Namtumbo. Lakini sekondari aliisomea hapa, Tabora School, shule ileile aliyosoma Nyerere kabla yake, shule ambayo wakoloni waliianzisha wakiwafikiria zaidi watoto wa machifu. Akatoka hapo akawa karani wa serikali, kisha akafanya kazi za ustawi wa jamii, na katikati akaigiza kwenye filamu ambazo serikali ya kikoloni iliwaonyesha Waafrika. Wanaomkumbuka kama "Simba wa Vita", mtu wa sauti ya amri, hushangaa wakiambiwa kwamba aliwahi kuwa msanii.

Kwa nini karani huyu aliingia kwenye chama cha wafanyakazi kabla ya siasa? Kwa sababu ndio mlango uliokuwa wazi. Mwaka 1953 Gavana Twining aliwapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na TAA, chama kilichoitangulia TANU, na TANU ilipozaliwa mwaka uliofuata marufuku hiyo ikaiandama. Karani Mwafrika hakuruhusiwa kudai nchi, ila hakuna aliyemkataza kudai mshahara. TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kikawa mahali ambapo kijana mwenye kidato na hasira angeweza kujifunza kuitisha kikao, kuandika madai na kumkazia macho bosi wa Kizungu bila kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Kawawa alikiongoza. Tom Mboya, ambaye Kenya alikuwa ameshajijengea jina kwenye shirikisho la kule, alikuja Dar es Salaam kuwapa moyo wenzake, na 1955 TFL ikaundwa. Mwaka mmoja baadaye Kawawa aliacha kazi ya serikali, akawa huru kuingia TANU kwa miguu yote miwili.

Hapo pana jambo ambalo watu wa chama hulirukia haraka. Katika miaka ile ya 1950, TFL haikuwa mkia wa TANU. TANU ilikuwa na jina la Nyerere na matawi vijijini. TFL ilikuwa na bandari, reli, mashamba ya mkonge na majiko ya Wazungu. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogombana na mwajiri mwaka 1958, watu wa Dar es Salaam waliacha kunywa bia kuwaunga mkono, na anayejua jinsi bia inavyopendwa ataelewa ukubwa wa sadaka ile. Mwaka huohuo, Januari, TANU ilikutana hapa Tabora na kupitisha ule uamuzi wa busara, yaani kukubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, wenye masharti ya kipato na elimu. Wapagazi wa bandarini na wakata mkonge hawakuwa na kipato wala cheti cha kuwaruhusu kupiga kura ile. TANU ilijifunza subira hapa Tabora. Vyama vya wafanyakazi havikuwa na subira hiyo, na kwa kazi yao havikutakiwa kuwa nayo.

Mtu ambaye hakuwa na subira kabisa aliitwa Christopher Kasanga Tumbo.

Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo mji huu umekuwa njia panda. Ya Mwanza inachepukia hapa, ya Kigoma inaendelea magharibi, ya Mpanda inaachana nayo pale Kaliua. Tumbo alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, na mwaka 1960 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 82. Mwajiri alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi, kwa hiyo hata ukipiga kelele stesheni ya Tabora, mwenye kusikia yuko nchi nyingine.

Siku 82 ni nyingi mno. Chama cha wakati ule hakikuwa na akiba ya kulisha familia za wagomaji. Fundi wa karakana anakula kwa daftari la dukani, na mwenye duka naye anategemea mshahara uleule wa reli. Wiki ya tatu mwenye duka anaanza kuuliza kwa upole. Wiki ya sita haulizi tena, anafunga daftari. Katika mji wa reli mgomo wa reli haubaki kuwa wa wanaume wenye sare peke yao. Unamfikia muuza mkaa, mama ntilie wa stesheni na mwalimu anayesubiri ada. Watu waliopita humo wakatoka bado wameshikana walijua kitu kuhusu nguvu yao ambacho hakuna semina ya chama ingeweza kuwafundisha. Walijua pia kwamba waliovumilia ni wao wenyewe, si TANU.

Tumbo akaingia bungeni akiwa mbunge wa Mpanda. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili uraia. Tumbo alikuwa miongoni mwa waliotaka nchi iende haraka kwenye kuwapa Waafrika kazi, na waliotilia shaka kuwapa Wahindi na Wazungu uraia sawa. Nyerere aliwajia juu, akatishia yeye na serikali yake kujiuzulu. Katika hilo la rangi, naona Nyerere alikuwa sahihi na Tumbo alikosea, na sioni haja ya kumpamba shujaa wa reli kwa kuficha upande huo. Lakini nyuma ya hoja ile mbaya palikuwa na jambo la kweli: fundi Mwafrika aliyemfundisha kazi kijana wa Kizungu, kisha kijana yule akawa bosi wake, hakuelewa kwa nini Uhuru umwambie asubiri tena.

Cha ajabu ni kwamba mtu aliyekuja kulifanyia kazi dai hilo ni Kawawa. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aende kujenga chama, na Kawawa akakabidhiwa serikali. Katika miezi yake michache aliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za juu serikalini. Ukimsoma Kawawa wa 1962 kwa jicho hilo, ni kiongozi wa TAGSA ya zamani anayetimiza madai yake mwenyewe. Kisha ikafika Juni.

Juni 1962 Bunge lilipitisha sheria tatu kwa pamoja: moja kuhusu vyama vya wafanyakazi, moja kuhusu kusuluhisha migogoro ya kazi, na moja kuhusu majadiliano ya watumishi wa serikali. Ukizisoma pamoja unaona fundi aliyezitengeneza anaijua kazi ya chama vizuri kuliko mkoloni yeyote. Mgogoro lazima upite usuluhishi, kisha baraza, na uamuzi wa baraza ukishapata baraka ya serikali unawafunga wote. Mgomo haukutajwa kuwa umefutwa. Uliwekewa njia ndefu kiasi kwamba hakuna anayefika mwisho. Watumishi wa ngazi za juu serikalini waliondolewa kwenye vyama. Shirikisho moja tu, TFL, lilitambuliwa, na Waziri akapewa mkono ndani ya fedha zake.

Na kulikuwa na zawadi. Mwajiri aliweza kuagizwa kukata michango ya uanachama moja kwa moja kwenye mshahara na kuipeleka chamani. Viongozi wengi walifurahi, maana hakuna kazi iliyochosha kama kukusanya michango mkononi. Mwakilishi wa chama alikuwa anazunguka kila mwisho wa mwezi, kota kwa kota, na daftari na penseli. Mlango wa kwanza anapewa shilingi. Mlango wa pili anapewa matusi: chama kimefanya nini, mbona yule mnyapara bado yupo, mbona overtaimu ya Machi haijalipwa. Mlango wa tatu mwenye nyumba kajificha. Akimaliza mtaa anajua hali ya wanachama wake kuliko ripoti yoyote. Siku makato yalipoanza kupita kwa mhasibu, mzunguko ule ulikufa, na chama kikaanza kupata fedha kutoka kwa watu ambao hakikulazimika kuwatazama usoni.

Chukua leo hati ya mshahara ya mwalimu wa msingi kule Kaliua au Kibondo. Kati ya bima ya afya, mfuko wa hifadhi na marejesho ya mkopo utakuta mstari wa chama, asilimia 2 ya mshahara kwa walimu wa CWT, Chama cha Walimu Tanzania. Mwulize mara ya mwisho lini kiongozi wa chama alifika shuleni kwake kwa jambo lisilo uchaguzi. Wapo watakaokutajia mwezi na tarehe, kwa heshima. Wengi watacheka.

Turudi 1962. Tumbo alikuwa ameteuliwa kuwa Balozi London. Ubalozi ni dawa ya zamani ya kumwondoa nyumbani mtu mwenye kelele, na safari hii haikufanya kazi. Agosti mwaka uleule alijiuzulu, akarudi, akaanzisha chama cha upinzani, People's Democratic Party. Kiliishi kwa shida. Septemba ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, na Januari 1963 rais wa TFL wakati huo, Victor Mkello, pamoja na mwenzake Shehe Amiri wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, walipelekwa Sumbawanga kwa sababu ya mgomo wa mkonge ambao serikali iliuona si halali. Tumbo alikimbilia Kenya, akarudishwa, akawekwa kizuizini.

Hapa ndipo mzee wa reli hupiga meza na kusema: umeona? Nami namwomba asubiri kidogo, maana kuna upande wa Kigoma ambao yeye hauhesabu.

Wakati wa Uhuru watu wenye ajira ya mshahara Tanganyika walikuwa kama 400,000 katika nchi ya watu wapatao milioni 9. Waliobaki walikuwa wakulima na wafugaji. Kawawa na Nyerere walikuwa na hoja moja waliyoirudia kwa namna mbalimbali: mshahara wa mjini unalipwa na jasho la kijijini, na chama cha wafanyakazi kikiachiwa, kitawavuta wachache juu na kuwaacha wengi chini. Hoja hiyo ilitumika vibaya baadaye, lakini haikuwa ya uongo.

Mwangalie Muha wa Kasulu. Tangu miaka ya 1940 wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, alikuwa akiandikisha vijana wa Kigoma kuwa manamba. Walipandishwa treni, wakapita hapa Tabora, wakaishia Morogoro, Tanga na Korogwe kukata mkonge kwa kipande cha siku 30. Kipande kinajaa kwa siku ulizofanya kazi kweli. Ukiugua, siku haihesabiwi, na mwezi wako unakuwa wa wiki sita au nane. Ilikuwa kazi ya kudhalilisha, na chama cha mashamba kilifanya vema kuipigania. Mishahara ilipanda mwanzoni mwa Uhuru, kima cha chini kikawekwa, malipo ya kuachishwa kazi yakatungiwa sheria. Haya pia yalifanyika chini ya Kawawa, na wanaomtukana husahau kuyataja.

Lakini mwenye shamba akilazimika kulipa zaidi, anapunguza watu. Na wa kwanza kupunguzwa si yule aliyekaa kambini miaka kumi na mke na watoto. Ni manamba wa mkataba kutoka Kigoma. Bei ya mkonge ilipoanza kuporomoka kuanzia katikati ya miaka ya 1960, mlango ukafungwa kabisa na SILABU ikaisha. Ushindi wa chama kule Tanga ulifika Kasulu ukiwa na sura nyingine: kijana aliyetegemea kipande kupata mahari na baiskeli sasa habebwi tena na treni. Nani alikuwa anamsemea huyo? Chama kilisemea walio ndani ya geti. Kawawa alidai kwamba serikali ndiyo inayomsemea aliye nje. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wake, na ndiyo sababu sikubali tumwite msaliti. Aliwahamisha aliowatetea kutoka kundi dogo kwenda kundi kubwa, au angalau aliamini hivyo.

Shida ni kwamba kumsemea mtu wa nje ya geti hakukuhitaji kumnyamazisha wa ndani. Kenya, 1962 hiyohiyo, Mboya naye alikuwa ametoka kwenye shirikisho na kuwa Waziri wa Kazi. Naye alitaka migomo ipungue, naye alikuwa na haraka ya kujenga nchi, na hakuwa malaika. Lakini Oktoba mwaka ule alikaa na waajiri na vyama wakatia saini mkataba wa mahusiano kazini, pande tatu mezani. Kule Waziri aliyetoka chamani alimkuta mtu mwingine upande wa pili wa meza. Huku kwetu kulikuwa kunaandaliwa jambo jingine.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, wanajeshi waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kesho yake batalioni ya Tabora nayo ikaasi. Wazee wa hapa wanakumbuka mji ulivyofunga milango. Maasi yalizimwa kwa msaada wa Waingereza, na serikali ikasema kuna watu wa vyama vya wafanyakazi waliokuwa wakizungumza na askari. Wakakamatwa viongozi wengi wa vyama, kama 200 hivi. Februari, Bunge likaifuta TFL na kuunda chama kimoja, NUTA. Katibu Mkuu wake na msaidizi wake wangeteuliwa na Rais. Na Rais akamteua Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa rais wa TFL, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Katibu Mkuu wa chama anataka nyongeza ya mshahara, anaandika barua kwa Waziri wa Kazi. Waziri wa Kazi anaipokea, anaifikiria, anajibu kwa Katibu Mkuu. Kamaliza angeweza kuokoa fedha ya stempu. Huu ndio mwaka ambao mimi ninauwekea alama nyekundu, siyo 1962. Sheria za 1962 zilikuwa ngumu, lakini bado zilimwacha Mkello kuwa mtu wa kufukuzwa. Ulikuwa na mtu wa kumpeleka Sumbawanga. Baada ya 1964 hapakuwa na haja, kwa sababu kiti cha mfanyakazi kilikuwa kimekaliwa na serikali yenyewe.

Wafanyakazi waliliona. Tume ya Rais iliyoichunguza NUTA, na kutoa taarifa yake 1967, ilikuta wanachama wakilalamika kwamba viongozi hawakuchaguliwa nao na kwamba mtu mmoja hawezi kuvaa kofia hizo mbili. Kamaliza alipoteza uwaziri, kisha NUTA, na 1969 akakamatwa katika ile kesi ya uhaini iliyomkumba pia Bibi Titi Mohamed. Alifungwa. Sipendi kuufanya mwisho wake kuwa somo, kwa sababu kesi ile ni mada ya siku nyingine. Ninachokiona ni kwamba siku Kamaliza alipoanguka, hakuna karakana iliyosimamisha mashine kwa ajili yake. Ingesimamisha kwa nini? Hakuna karakana iliyomchagua.

Kawawa mwenyewe aliendelea kupanda. Makamu wa Rais, Makamu wa Pili baada ya Muungano, Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Kagera, Katibu Mkuu wa CCM miaka ya 1980. Alifariki Desemba 31, 2009, akiwa mtu ambaye hakuna aliyemtuhumu kwa mali, na hilo si dogo. Kigoma wanamkumbuka kwa sababu nyingine. Uwaziri mkuu wake wa pili ndio uliosimamia kuhamishia madaraka mikoani na kuzivunja halmashauri za kuchaguliwa, na 1972 ndipo ilipoanza Operesheni Kigoma, ya kuwahamishia watu vijijini. Yule Muha aliyesemewa na serikali mwaka 1962 dhidi ya chama cha Tanga, miaka kumi baadaye alikuwa anapakiwa kwenye lori na serikali ileile, na safari hii hapakuwa na halmashauri ya kuilalamikia wala chama cha kumsemea. Naiona ni tabia ileile ya utawala, imetoka kiwandani ikafika shambani: anayekusemea ndiye anayekuamuru.

Miaka thelathini na kitu baadaye mkoa huu ulitoa mfano wake. Margaret Sitta wa Urambo alikuwa rais wa Chama cha Walimu Tanzania. Akaingia bungeni 2005 kwa viti maalumu, Januari 2006 akateuliwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi, 2008 akahamishiwa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto, na baadaye akawa mbunge wa jimbo la Urambo. Kwa ramani ya kazi, ni Kawawa mtupu.

Na walimu nao walikuwa na la kusema. Shule za kata zilikuwa zinaota kila mahali, walimu hakuna, na serikali ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na kuwapeleka darasani. Mtaa ukawabatiza walimu wa "voda fasta". Mwalimu aliyesota chuoni miaka miwili au mitatu, na ambaye madai yake ya uhamisho na likizo yalikuwa yamelala halmashauri, aliona wizara inayoongozwa na rais wake wa zamani ikishusha thamani ya cheti chake. Naelewa uchungu huo. Naelewa pia kwamba darasa la watoto 90 bila mwalimu yeyote lilikuwa baya zaidi.

Ila tofauti na 1964 ndiyo hii: kiti cha CWT hakikwenda naye wizarani. Walimu walichagua wengine. Oktoba 2008 CWT ilitangaza mgomo wa nchi nzima juu ya malimbikizo, mahakama ikausimamisha. 2012 wakajaribu tena, wakaingia kabisa, mahakama ikaamua si halali. Mei 2010 TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilipotishia mgomo, Rais Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba yuko tayari kuzikosa kura za wafanyakazi. Walimu na wafanyakazi walishindwa mara nyingi katika hayo yote, na sheria ya ajira ya 2004, pamoja na ile ya majadiliano ya watumishi wa umma, bado inawapa njia ndefu ya usuluhishi, kura na taarifa. Lakini walishindwa na mtu mwingine, aliyekaa upande mwingine. Waziri aliyetoka kwao hakuwa na uwezo wa kusaini kwa niaba yao.

Wasiwasi wangu wa leo hauhusu waziri. Unahusu anayeota kuwa waziri. Nenda uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora, au Lake Tanganyika kule Kigoma, siku ya Mei Mosi. Fulana na kofia zimenunuliwa na waajiri, kila taasisi rangi yake. Gari la matrekta linapita, la hospitali linapita, la tumbaku linapita. Kisha inasomwa risala. Hesabu vitenzi: tunaomba, tunashukuru, tunaomba tena, tunapongeza. Malimbikizo yanatajwa katikati ya pongezi mbili, yasije yakamkwaza mgeni rasmi. Anayeisoma anajua kwamba mgeni rasmi yule ana jina lake kwenye simu, na kwamba ukuu wa wilaya hauombwi kwa fomu. Hakuna aliyemwamuru apunguze ukali. Mwaka 1964 ilihitajika sheria ya Bunge kumweka mtu wa serikali kwenye kiti cha chama. Siku hizi inatosha matumaini.

Ndiyo maana naona katiba za vyama hivi, CWT, TUGHE, TALGWU, TRAWU na wengine, zinahitaji kifungu kimoja kigumu: kiongozi wa taifa au wa mkoa akitoka madarakani, asikubali uteuzi wowote wa kisiasa mpaka ipite miaka miwili, na akikubali mapema arudishe posho zake za uongozi za kipindi chote. Ubunge wa kupigiwa kura jimboni aende, hiyo ni haki yake. Nazungumzia kuteuliwa. Nimewahi kuambiwa kwamba kifungu hicho kitawanyima wafanyakazi sauti serikalini. Serikalini wafanyakazi wamekuwa na sauti tangu 1960, siku Kawawa alipoapishwa kuwa waziri. Walichokikosa kwa miongo mitatu baada ya 1964 ni mtu wa kukaa upande wa pili na mkataba wa hali bora mkononi, asiyemdai yule aliye mbele yake chochote zaidi ya kilichoandikwa humo.